Nilimchezesha Marehemu, Mama Yake Akaja Uwanjani

Nina miaka hamsini na sita. Ni mwalimu wa darasa la tano hapa Goma, mume wa mke mmoja, baba wa watoto wanne. Mtaani kwetu bado wapo wanaoniita Mwalimu kwa heshima. Wale wanaojua ninayotaka kuwasimulia leo hunisalimu huku wakitazama pembeni... na siwalaumu. Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba nilifanya vile kwa kuipenda timu. Ndugu wasomaji, nisomeni mpaka mwisho, halafu mniambie kama huo ulikuwa upendo.

Timu yetu iliitwa Ngurumo. Vijana wa leo hawaijui, lakini waulizeni baba zenu. Nilipokuwa kijana nilivaa namba tano, beki wa kati. Siku Ngurumo ikicheza, wenye maduka ya Birere walifunga mapema, na wasukuma shukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, waliegesha mizigo yao ya viazi kando ya uwanja ili waone angalau nusu ya pili. Tulipanda meli kwenda Bukavu kucheza na tulirudi na kombe, watu wakitungoja bandarini tangu asubuhi. Nilioa kwa sababu ya Ngurumo. Baba mkwe wangu hakutaka mahari kubwa kwa mutu aliyefunga bao la kichwa dhidi ya Bukavu.

Kisha wakaja wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, watu wasiohesabika, wakalala kila mahali palipokuwa na nafasi. Uwanja wetu wa mazoezi ukajaa mahema ya plastiki. Baada ya wakimbizi zikaja vita, moja haijaisha nyingine imeanza. Na katikati ya vita mlima ukapasuka, moto ukashuka hadi mjini na kuifunika nyumba ya klabu pamoja na makombe yote. Tuliporudi tulikuta jiwe jeusi, bado lina joto.

Timu haifi siku moja. Kwanza anaondoka kipa, anakwenda Kampala. Kisha antrenere, kocha wetu, anapata kazi nyingine. Halafu siku moja unaita mazoezi, wanakuja watu saba. Tulishuka daraja, tukashuka tena, mpaka tukawa tunacheza asubuhi na mapema na timu za mitaa, bila mtazamaji hata mmoja. Mimi nilikuwa nimeacha kucheza, nikawa katibu wa komite kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Nilibaki na sanduku la bati lenye lisansi za wachezaji, yale makaratasi yenye picha na jina ambayo bila hayo mchezaji hakubaliwi uwanjani. Hiyo ndiyo ilikuwa Ngurumo yote... sanduku chini ya kitanda changu.

Katika miaka hiyo ya njaa alikuja Kasereka.

Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa kutoka upande wa Kirumba, mwembamba, mwepesi, mwenye aibu. Mama yake, mjane anayelima maharagi, alinipigia simu mara moja tu. Sikuwahi kumwona uso. Aliniambia, "Mwalimu, ninakuachia mutoto. Akikosea, umuchape. Akigonjwa, uniite." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mutoto wake ni mutoto wangu. Kasereka alilala kwetu Ndosho, chumba kimoja na wanangu. Alicheza mechi tatu tu. Wapenzi wa timu hawakupata hata muda wa kulishika jina lake.

Kwa maana vita ilirudi. Siku moja mabomu yalianguka pembezoni mwa mji. Kesho yake wachezaji waliniuliza kama kuna mazoezi. Mke wangu, Mama Furaha, alisema waache vijana wakae nyumbani. Mimi nilijibu kwamba tukianza kuogopa, timu imekwisha. Nikawaita.

Kasereka alitoka nyumbani kabla yangu kidogo, viatu vyake vya mpira vikining'inia begani. Hakufika. Bomu liliangukia njia ya kuelekea uwanjani, likamuua yeye na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza makala, makaa ya kupikia.

Mke wangu alimwosha. Tulimzika siku ileile, mimi na wachezaji wawili, harakaharaka, kwa sababu watu wote walikuwa wanakimbia. Tuliweka msalaba wa mbao bila jina. Nilisema nitarudi kuliandika.

Je, nilimpigia mama yake? Siku ya kwanza mtandao haukuwepo. Siku ya pili nilijaribu, simu haikupita. Baadaye nikasikia watu wa kwao wamekimbia, wengine wamevuka hadi Uganda. Wiki ya tatu simu ilipita... ikaita, na kabla hajapokea nikaikata mwenyewe. Ningemwambia nini? Kwamba mimi ndiye niliyewaita mazoezini? Nilijiambia nitampigia kesho. Tukahama Ndosho tukaenda Majengo, na ile kesho ikawa miaka miwili.

Mke wangu aliniuliza mara nyingi, "Ulimwambia yule mama?" Nilimjibu kwamba hapatikani. Mwishowe aliacha kuuliza.

Amani kidogo iliporudi, mfanyabiashara mmoja wa Himbi, ambaye baba yake alikuwa shabiki wetu, alisema anataka kuifufua Ngurumo. Akawa rais wa klabu. Akaleta jezi mpya za njano na nyeusi, akaleta mipira, akamwita antrenere. Wazee walilia kwa furaha. Mimi nilitoa sanduku langu chini ya kitanda, nikajiona kama mutu aliyelinda moto usizime.

Lakini tulikosa mshambuliaji. Siku moja nilikwenda kambi ya deplase, watu waliokimbia vijiji vyao, kule Munigi, kumtafuta mzazi wa mwanafunzi wangu. Kati ya mahema, juu ya mawe makali ya volkano, vijana walikuwa wanacheza. Mmoja wao alicheza peku. Alipokea mpira kwa kifua, akageuka, akawapita watatu kama vile hawapo. Nilisahau kilichonipeleka kule. Aliitwa Janvier, miaka ishirini na miwili, ametoka upande wa Rutshuru.

Shida ilikuwa moja. Lisansi yake ilibaki kwa timu ya kwao, nyuma ya mstari wa vita, na hapakuwa na mutu wa kuitoa. Na siku za kuandikisha wachezaji wapya zilikuwa zimepita. Chama cha mpira kilikuwa kinakubali tu kufanya upya lisansi za zamani.

Lisansi za zamani... Nilikuwa nazo nyingi. Nilizipanga mezani moja baada ya nyingine. Huyu anajulikana mno. Huyu ni mzee. Huyu yuko Kampala na ndugu zake wanakuja uwanjani. Mkono wangu ukafika kwa Kasereka.

Ninawaambia ukweli, nilisimama. Nilitoka nje nikanywa maji. Kisha nikarudi nikabandua picha yake, nikabandika ya Janvier. Wambiso haukushika vizuri kwenye kona moja, nikaubonyeza kwa kidole gumba mpaka ukashika.

Janvier aliniuliza mwenye jina ni nani. Nilimwambia ni mchezaji aliyeondoka. "Hatakasirika, Mwalimu?" Nikamwambia hapana, hatakasirika. Antrenere alijua jina si lake, lakini hakujua kwamba mwenyewe alikufa. Rais hakuniuliza, nami sikumwambia. Wachezaji wa zamani walikuwa wametawanyika, hata wale wawili waliomzika nami.

Basi Ngurumo ikaamka. Tulishinda mechi ya kwanza, ya pili, ya nne. Janvier alifunga karibu kila Jumapili. Watu walirudi uwanjani, wenye shukudu wakarudi, akina mama wauza mandazi wakarudi. Na kila alipofunga, uwanja mzima uliimba, "Kasereka! Kasereka!" Redio za mji zikalitaja jina hilo jioni, kisha redio nyingine kubwa zaidi, zinazosikika mbali.

Mara ya kwanza nilipolisikia redioni, mke wangu alikuwa uani anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliacha mikono yake ndani ya beseni. Akaniuliza polepole, "Kasereka gani huyo?" Nikamwambia ni mwingine, jina hilo si la mutu mmoja. Ni kweli, kwa Wanande, watu wa kwao, kila mvulana wa tatu kuzaliwa huitwa Kasereka. Akaendelea na sombe yake.

Tulifika mwisho wa msimu tukihitaji kushinda mechi moja tu ili turudi daraja la juu. Mechi ilikuwa Jumapili. Siku ya Alhamisi nilitoka shuleni saa saba, nikakuta mama mmoja ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yangu. Viatu vyake vya plastiki vilikuwa vimekatika na kufungwa kwa kamba. Kando yake palikuwa na kapu la ndizi mbivu na kuku mmoja, miguu imefungwa.

Alisimama akanishika mikono yote miwili.

"Ni wewe Mwalimu?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni mama ya Kasereka. Nilisikia jina yake ku radio. Miaka miwili nilikuwa ninamuombea kama mufu... Mungu akubariki, Mwalimu. Ulinichungia mutoto."

Alikuwa Uganda kambini, simu yake ikapotelea huko pamoja na namba zote, na aliporudi kijijini akasikia redio ya jirani ikitaja jina, timu na mji. Akauza majembe yake, akapanda lori la maharagi, akatembea palipokatika njia. Uwanjani walimwelekeza kwangu. Sasa alikuwa anatazama ndani ya nyumba, juu ya bega langu, akimtafuta.

Ndugu zangu, hapo nilikuwa na nafasi. Mungu aliniwekea ukweli mdomoni, uliobaki ni kuutema tu. Mnajua nilisema nini?

Nilisema, "Karibu, mama. Wachezaji wamewekwa pamoja parokiani mpaka mechi ipite, hawaruhusiwi kuona mutu. Utamwona Jumapili."

Alicheka kwa furaha. Alisema amengoja miaka miwili, siku tatu ni nini?

Mke wangu alirudi kutoka sokoni akamkuta. Alipofahamu ni nani, aliweka kapu lake chini, akanivuta jikoni. Sikumficha tena. Nilimweleza yote, lisansi, picha, Janvier. Nilimwomba tusubiri mpaka Jumapili tu, maana mama huyu akipiga kelele za kilio, mji mzima utajua kabla ya mechi.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Tangu lini kilio kinangojea mpira?"

Nilimwambia timu nzima, wazee wote, kazi ya miaka yote, vitapotea. Akajibu, "Mimi ndiye nilimuosha yule mutoto, Papa Furaha. Si wewe." Kisha akalia bila sauti, akijifunika kwa kitenge ili mgeni asisikie. Alinipa mpaka Jumapili jioni. Baadaye aliniambia kwamba hata hiyo ruhusa anaijutia.

Zile siku tatu... Watoto wangu niliwaonya wasimwambie mgeni chochote. Mama huyo hakukaa bure. Alifagia ua, aliosha vyombo, aliwafundisha binti zangu kupika ndizi kama wanavyopika kwao. Kuku hakutaka achinjwe, alisema ni wa Kasereka, atakula Jumapili. Aliwaambia majirani wote kwamba ni mama wa yule namba tisa. Mama Neema wa nyumba ya pili alimsuka nywele apate kupendeza mbele ya mwanawe. Mimi nilipita hapo nikamwona amekaa kati ya magoti ya jirani, kichwa kimeinama, anatabasamu. Nikapita. Nikaenda kupanga jezi.

Jumapili nilimwambia abaki nyumbani, uwanjani kuna msongamano, nitamletea Kasereka baada ya mechi. Sijui nilifikiri nitamletea nani. Mke wangu alikaa naye. Lakini wakati mke wangu alipokwenda kuteka maji, Mama Neema alimwambia haiwezekani mzazi akae nyumbani siku kama hiyo, akampandisha pikipiki wakaenda.

Tulikuwa tunaongoza bao moja kwa bila. Janvier ndiye aliyefunga, na uwanja ulikuwa unaimba lile jina. Filimbi ya mapumziko ilipolia, wachezaji walianza kutoka, wakipita karibu na benchi letu. Hapo nikamwona mama. Mashabiki walikuwa wamempisha kwa heshima, "pisheni, ni mama ya Kasereka," mpaka akafika kwenye mstari. Alimwita mwanawe. Janvier akapita, kwa maana hakuna mutu anayegeuka haraka kwa jina lisilo lake. Mama akamshika mkono.

Akamtazama usoni. Sijaona mutu akitazama hivyo. Alimtazama kama anayesoma barua kwa taabu, herufi moja baada ya nyingine.

"Siyo yeye," alisema.

Kamisaa wa mechi alikuwa hatua nne kutoka pale. Mama akamuuliza Janvier kwa upole, "Wewe unaitwa nani, mwanangu?"

Janvier alinitazama mimi. Nilimtikisia kichwa, nikimwambia asiseme. Ndiyo, nilifanya hivyo. Akamrudia mama, akasema, "Ninaitwa Janvier, mama."

"Na Kasereka iko wapi?"

Macho yote yakanigeukia. Mkiniuliza ni wakati gani katika maisha yangu ninaouonea aibu kuliko wote, si ule wa kubandika picha. Ni huu. Kwa maana hata hapo nilisema, "Mama, twende nyumbani, tutaongea."

Mke wangu ndiye aliyesema. Alikuwa amekimbia kutoka Majengo kwa miguu aliposikia mgeni ameondoka, alikuwa anahema, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Alipita kati ya watu, akamshika mama mabega. "Mama, Kasereka alikufa. Bomu. Miaka miwili sasa. Nilimuosha kwa mikono yangu. Unisamehe."

Yule mama hakupiga kelele. Aliketi chini, pale kwenye mstari mweupe, akanyoosha miguu kama mutu aliyefika mwisho wa safari. Janvier alivua jezi, akaikunja, akaiweka juu ya benchi. Alisema na mimi neno moja tu, "Ulisema hatakasirika." Akaondoka kifua wazi, hakurudi. Nusu ya pili haikuchezwa.

Kesho yake tulikwenda makaburini, mimi, mke wangu na mama. Nilikuwa nimeahidi kwamba nitamwonyesha mahali. Tulitembea kati ya misalaba ya mbao, mingine imeanguka, mingine imeliwa na mvua, makaburi mapya yamejaa kila upande. Nilionyesha moja, nikasema silo, nikaonyesha jingine. Sikulijua kaburi la mutoto niliyemwita wangu. Saa nzima ilipita. Mwishowe mama akasema, "Basi. Nitalia hapa. Atasikia." Akachagua mahali penye majani kidogo, akakaa, na hapo ndipo alipolia.

Alipotulia, hakuuliza bomu lilitoka wapi wala ni nani aliyelirusha. Alimuuliza mke wangu, "Siku ile alikula nini?"

"Viazi na maharagi. Akaomba chumvi tena."

Mama alicheka kidogo, machozi yakiwa bado mashavuni. "Huyo ni yeye. Hata kwetu kila siku alisema chumvi haitoshi."

Chama cha mpira kiliifukuza Ngurumo mashindanoni, na mimi nikafungiwa kazi zote za mpira maisha. Sikukata rufani. Janvier naye alifungiwa. Niliandika barua, nikaeleza kwamba kijana hakujua kuwa mwenye jina alikufa, kosa lote ni langu, na wakampunguzia adhabu. Siku hizi anacheza timu nyingine, kwa jina lake. Tukikutana ananiita muzee, ananipa mkono, lakini hasimami.

Wazee wa Ngurumo walinitazama kama mutu aliyemuua mama yake. Walingoja miaka mingi kuona ile jezi tena, na mimi niliwapa miezi michache tu, kisha nikaizika kwa fedheha. Ninasikia vijana wameanza upya kutoka daraja la chini kabisa. Wanafungwa mara nyingi. Lakini kila anayecheza anacheza kwa jina alilopewa na wazazi wake. Huo ndio ujenzi. Wangu ulikuwa kupaka rangi nyumba iliyooza.

Mama Kasereka alirudi kwao njia ilipofunguka. Nilimpigia simu mara nyingi kuomba msamaha, hakupokea. Mwaka mmoja baadaye alipokea. Alinisikiliza, kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Mwalimu, bomu hukurusha wewe. Hata miaka miwili nitakusamehe, vita ilikuwa inakata njia. Lakini zile siku tatu nilizopika ndani ya nyumba yako... hizo ni zako."

Akakata.

Ninyi mnaopenda timu, kazi, au chama mpaka mnaona kila kitu kinaruhusiwa, nitazameni mimi. Jambo linalohitaji uongo ili lisimame, liacheni lianguke. Na katika nchi yetu hii ya kukimbia na kuzikana harakaharaka, wako wengi wanaoshika habari ya kifo cha mutoto wa mwenzao, wameificha kwa woga au kwa aibu, wanasema kesho. Mama yake anakaa mahali fulani, kila gari likisimama anainua kichwa. Kama wewe ni mmoja wao, ninakusihi, usingoje kupata maneno mazuri, hayapo. Acha kusoma. Simama, uende ukamwambie.